Nani Ashike Ufunguo? Historia ya siri ya barua, toka posta mpaka intaneti

Mtu akiisha kuandika barua huikunja, huitia katika bahasha, huifunga, kisha huipeleka posta. Bahasha ile ni karatasi tupu, hata mtoto mdogo aweza kuipasua. Lakini watu wote wanajua maana yake: yaliyomo ndani si ya kila mtu. Karani wa posta anaipokea, dereva anaibeba, mjumbe anaileta mlangoni, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye ruhusa ya kuisoma. Basi, kinachoilinda barua si nguvu ya karatasi. Ni sheria na desturi njema.

Siku hizi barua nyingi hazipiti tena posta. Zinapita katika simu ya mkononi na katika intaneti, wala hazina bahasha ya kuonekana kwa macho. Kwa ajili hiyo swali la zamani limerudi kwa nguvu. Je, Serikali ina haki ya kusoma barua za raia? Na kama inayo haki hiyo mara moja moja, ili kukamata wezi na wauaji, nani ashike ufunguo? Wenye elimu ya mashini, waamuzi na wabunge wamebishana sana juu ya neno hili. Tutasimulia mabishano hayo toka mwanzo, kwa maana asiyejua yaliyopita hudhani kwamba shauri hili limezaliwa jana.

1. Mbegu katika bahasha

Katika mwaka wa 1840 Waingereza walianza posta ya bei rahisi: kwa peni moja tu barua ilifika po pote katika nchi yao. Tembre ya kwanza ya kubandika ilitokea mwaka huo huo. Watu wengi waliokuwa hawajaandika barua hata siku moja walianza kuandika, nao waliitumaini posta kama mtu anavyomtumaini rafiki mwaminifu.

Wakati ule alikaa London Mwitalia mmoja, jina lake Giuseppe Mazzini. Alikuwa mkimbizi. Nchi yake ilikuwa imegawanyika vipande vipande, na sehemu moja ilitawaliwa na Austria. Yeye alitaka iwe nchi moja yenye uhuru. Mwaka wa 1844 alianza kushuku kwamba barua zake zinafunguliwa njiani. Afanye nini ili kupata hakika? Aliwaomba rafiki zake watie ndani ya bahasha vitu vidogo sana: mbegu, chembe za mchanga, unywele. Barua zilipofika, bahasha zilionekana zimefungwa vizuri kabisa, lakini vile vitu vidogo havikuwamo. Basi mkono wa mtu mwingine ulikuwa umepita humo.

Mwezi wa Juni 1844 mbunge Thomas Duncombe alilipeleka shauri hilo mbele ya Bunge. Makelele yakawa makubwa. Waziri wa mambo ya ndani, Sir James Graham, alikuwa ametia sahihi hati ya kuruhusu barua zile zifunguliwe, na sheria ilimpa uwezo huo. Mwandishi Thomas Carlyle aliandika katika gazeti la Times kumtetea Mazzini. Gazeti la Punch lilimchekesha waziri mbele ya nchi nzima. Mwezi wa Julai ndugu wawili, Attilio na Emilio Bandiera, waliokuwa wakiandikiana na Mazzini, walipigwa risasi huko Italia ya kusini, na watu wengi wakailaumu Serikali ya Uingereza kwamba ilipasha habari zao kwa adui zao.

Mwisho wake ulikuwa nini? Ofisi ya siri iliyokuwa ikifungua barua za nchi za nje ilifungwa mwaka ule ule. Lakini sheria yenyewe haikufutwa. Waziri alibaki na uwezo wake wa kutia sahihi, ila tangu siku ile alijua kwamba watu wanamtazama. Tuliweke neno hili moyoni, maana tutalikuta tena: mara nyingi mabishano ya namna hii hayaishi kwa ushindi wa upande mmoja, huishia katika mpaka mpya.

Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuandika mpaka huo katika Katiba. Ubelgiji ilitangaza katika Katiba yake ya mwaka wa 1831, fungu la 22, kwamba siri ya barua haivunjiki, na kwamba sheria itasema ni watumishi gani watakaojibu ikiwa siri hiyo imevunjwa.

2. Picha, waya na waamuzi

Kila mashini mpya iliwalazimisha watu kufikiri upya. Mwaka wa 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza Kodak, kamera ndogo ambayo mtu yeyote aliweza kuishika mkononi. Zamani mtu aliyetaka picha aliketi kimya mbele ya fundi, kwa mapenzi yake. Sasa aliweza kupigwa picha bila kujua. Miaka miwili baadaye, Desemba 1890, wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha makala katika gazeti la sheria la Harvard. Walisema kwamba sheria yapasa kulinda mali ya mtu, na zaidi ya hiyo kumlinda mtu mwenyewe, mambo ya nyumba yake na haki yake ya kuachwa katika utulivu. Haki hiyo ndiyo tunayoiita leo faragha.

Kisha ikaja simu. Katika Marekani, toka 1920 mpaka 1933, sheria ilikataza kuuza pombe. Huko Seattle Roy Olmstead, aliyekuwa polisi zamani, alifanya biashara kubwa ya pombe kwa magendo. Watumishi wa Serikali waliunganisha waya zao na waya za simu yake, nje ya nyumba, wakasikiliza kwa miezi mingi bila ruhusa ya mwamuzi. Olmstead akahukumiwa, naye akapeleka shauri mbele ya Tribunali Kuu ya Marekani.

Katiba ya Marekani, katika nyongeza yake ya 4, inakataza kupekua watu, nyumba na karatasi zao bila sababu ya haki. Je, kusikiliza waya ni kupekua nyumba? Tarehe 4 Juni 1928 waamuzi 5 walisema sivyo: hakuna mtu aliyeingia nyumbani wala hakuna kitu kilichochukuliwa. Waamuzi 4 walikataa. Mmoja wa hao wanne alikuwa yule yule Brandeis, ambaye sasa alikuwa mwamuzi mkubwa. Alionya kwamba elimu haitakoma katika kutega waya. Itakuja siku, alisema, ambayo Serikali itaweza kujua karatasi zilizofichwa ndani ya sanduku bila kulifungua sanduku. Kumbukeni, wasomaji, maneno hayo yalisemwa wakati ambapo hakukuwa bado na kompyuta hata moja kama tunazozijua sisi.

Ilipita karibu miaka 40 kabla tribunali ile haijageuza shauri lake. Charles Katz, mcheza kamari wa Los Angeles, alikuwa akipiga simu katika kibanda cha barabarani. Polisi wa taifa waliweka chombo cha kusikiliza juu ya kibanda, kwa nje. Desemba 1967 waamuzi walisema kwamba Katiba inalinda watu, si kuta tu. Mtu aliyefunga mlango wa kibanda na kulipa fedha yake ana haki ya kutumaini kwamba maneno yake hayasikilizwi. Polisi wakitaka kusikiliza, na waombe kwanza hati ya mwamuzi.

3. Kufuli ya kila mtu

Mpaka hapa tumesema juu ya sheria tu. Lakini kuna njia nyingine ya kulinda barua, nayo ni kuiandika kwa fumbo. Wafalme na majemadari wamefanya hivi tangu zamani sana. Taabu yake ilikuwa moja: yule anayeandika na yule anayesoma walipaswa kukubaliana kwanza juu ya ufunguo wa fumbo. Na ufunguo huo wataupitisha wapi, ikiwa njia yenyewe ina wezi?

Mwaka wa 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, huko Stanford, walionyesha njia ya kuitatua taabu hiyo. Tutaieleza kwa mfano. Tuseme fundi mmoja ana kufuli nyingi, zote zinafunguka kwa ufunguo mmoja tu, na ufunguo ule anao yeye nyumbani kwake. Kufuli anazigawa wazi kwa watu wote. Anayetaka kumpelekea kitu anakitia katika sanduku, anabana ile kufuli, basi. Hata yeye aliyeifunga hawezi kuifungua tena. Ni fundi peke yake awezaye. Hivyo ufunguo haukusafiri kamwe.

Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitengeneza kufuli ya namna hiyo kwa hesabu. Ukizidisha 61 kwa 53 unapata 3233. Kazi hiyo ni nyepesi. Lakini ukipewa 3233 peke yake, uambiwe utafute namba mbili zilizoizaa, utahangaika. Namba zikiwa na tarakimu mamia, kompyuta zote za siku hizi zikifanya kazi pamoja zitashindwa. Ndiyo nguvu ya kufuli hii. Siri iliyokuwa ya wafalme na majeshi ikawa sasa inaweza kushikwa na mwalimu, na mwuza duka, na mjane. Hapo mabishano yakawaka.

4. Vita ya maneno ya miaka 1991–1996

Mwanzoni mwa mwaka wa 1991 ililetwa katika Bunge la Marekani sheria iliyokuwa na maneno haya kwa ufupi: wanaotengeneza vyombo vya mawasiliano wahakikishe kwamba Serikali, ikiruhusiwa na sheria, itaweza kupata maneno yenyewe bila fumbo. Mtengeneza programu mmoja wa Colorado, Philip Zimmermann, aliogopa. Alifanya haraka kumaliza programu yake ya kufunga barua za kompyuta, akaiita PGP, na mwezi wa Juni akaigawa bure. Maneno yale ya sheria hayakupita. Lakini PGP ilikwisha kutoka, na kwa intaneti ikavuka bahari.

Kuvuka bahari ndiko kulikomletea taabu. Sheria ya Marekani iliweka mafumbo yenye nguvu katika orodha moja na silaha za vita, na kuyapeleka nje bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Bwana Zimmermann alichunguzwa kwa miaka mitatu hivi. Mwaka wa 1995 chuo cha MIT kilichapisha maandishi yote ya programu ile kama kitabu. Swali likawa wazi kwa kila mtu: ikiwa programu ni silaha, je, kitabu nacho ni silaha? Januari 1996 Serikali iliacha shauri bila kumshtaki.

Katikati ya mambo hayo Serikali ilileta shauri lake. Tarehe 16 Aprili 1993 ilitangaza kidude kidogo cha kutiwa katika simu, jina lake Clipper. Kidude kile kingefunga maneno ya simu kwa fumbo lenye nguvu, ili wezi wasisikie. Lakini nakala ya kila ufunguo ingegawanywa vipande viwili, na kila kipande kingewekwa katika ofisi moja ya Serikali. Polisi wakiwa na hati ya sheria wangechukua vipande vyote viwili, waviunganishe na kusikiliza.

Tusiwadharau waliolitetea shauri hili. Louis Freeh, mkubwa wa polisi wa taifa, alisema kwamba polisi wamewakamata wauzaji wa madawa na watekaji watu kwa kusikiliza simu. Fumbo lisilofunguka likienea, waovu watakuwa na nyumba ambamo sheria haiingii. Wengine walijibu kwamba mtu mwaminifu hatanunua kufuli ambayo ufunguo wake wa pili uko kwa mtu mwingine, na mwovu hatainunua kabisa. Wafanya biashara walisema kwamba hakuna nchi ya nje itakayonunua simu zinazoweza kusikilizwa na Serikali ya Marekani. Maelfu ya watu walitia majina yao katika barua ya kumwomba Rais Clinton aache.

Lakini pigo kubwa lilitoka kwa fundi. Mwaka wa 1994 Matt Blaze, aliyefanya kazi katika Bell Labs, alikichunguza kidude. Aliona kwamba alama iliyowekwa ili kuwaonyesha polisi njia ililindwa kwa namba fupi, yenye namna 65,536 tu. Kompyuta ingeweza kuzijaribu moja moja mpaka ipate alama ya uongo inayokubaliwa. Hapo mtumiaji angefaidi fumbo la Serikali, na polisi wangebaki na ufunguo usiofungua kitu. Basi kidude kilichotengenezwa ili kuwakamata wajanja kiliweza kudanganywa na mjanja. Kufika 1996 habari za Clipper zilikuwa zimekwisha. Na Januari 2000 Marekani ililegeza sana sheria yake ya kupeleka mafumbo nje.

5. Mlango wa nyuma hauchagui mgeni

Waliosema kwamba mlango wa nyuma utaingiwa na mwizi waliitwa waoga. Lakini historia imewapa ushahidi. Mashini kubwa za simu katika nchi nyingi zina sehemu iliyotengenezwa ili polisi waweze kusikiliza wakiwa na ruhusa ya sheria. Huko Athens, katika miaka ya 2004 na 2005, watu waliojificha waliiamsha sehemu hiyo katika mashini za kampuni moja ya simu. Walisikiliza simu zaidi ya 100, na mojawapo ilikuwa ya waziri mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe. Serikali ya Ugiriki iliwatangazia watu habari hii Februari 2006. Tena mwaka wa 2024 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wavamizi waliotumwa na China wameingia katika makampuni ya simu ya nchi ile, na wamechukua habari zilizotakiwa na polisi kwa amri za tribunali. Desemba ya mwaka huo ofisi ya Serikali ile ile iliwashauri wakubwa watumie simu zenye fumbo lisilofunguka njiani. Tazameni jinsi maneno yalivyogeuka tangu siku za Clipper!

Kuna neno la pili. Hata bahasha iliyofungwa vizuri inaonyesha kwa nje jina la anayeandikiwa, na mhuri wa posta unaonyesha siku na mahali. Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa ofisi ya upelelezi wa Marekani, aliwapa waandishi wa magazeti hati za siri. Moja ilionyesha kwamba kampuni ya simu iliamriwa kutoa kila siku habari za simu za watu mamilioni: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Maneno yenyewe hayakuwamo. Lakini anayejua kwamba mtu amempigia daktari wa saratani usiku, kisha akampigia mama yake, hahitaji kusikia maneno. Mwaka wa 2015 Bunge la Marekani lilikataza kukusanya habari hizo kwa jumla jumla. Na Juni 2018 Tribunali Kuu, kwa waamuzi 5 juu ya 4, ilisema kwamba polisi wanaotaka kujua safari za mtu kwa njia ya simu yake waombe kwanza hati ya mwamuzi. Katika shauri lile, la Timothy Carpenter, polisi walikuwa wamepata mahali 12,898 alipopita katika siku 127.

Tusisahau upande wa pili, kwa maana uchungu wake ni wa kweli. Desemba 2015 watu 14 waliuawa huko San Bernardino, katika California. Simu ya mwuaji mmoja ilipatikana, lakini ilikuwa imefungwa. Februari 2016 mwamuzi aliiamuru kampuni ya Apple iwasaidie polisi kwa kutengeneza programu ya kulegeza kufuli. Apple ilikataa, ikisema kwamba programu ile ingeweza kulegeza simu nyingine pia. Mwezi uliofuata polisi walipata njia nyingine, na shauri likaachwa bila hukumu. Ndugu za waliouawa walikuwa na haki ya kuuliza: je, kufuli ni bora kuliko ukweli juu ya wafu wetu?

6. Tuseme nini?

Sisi hatuoni kwamba pande zote mbili ni sawa, ingawa pande zote mbili zina sababu. Kupekua nyumba ya mtu mmoja, anayeshukiwa kwa sababu ya kweli, kwa hati ya mwamuzi, kwa siku zilizohesabiwa, ni kazi ya haki. Pasipo hiyo wanyonge hawana mlinzi. Lakini kuwaamuru watu wote wajenge nyumba zenye mlango mbovu, ili siku moja polisi apite kwa urahisi, ni neno lingine kabisa. Ya kwanza inamgusa anayeshukiwa. Ya pili inawagusa wote, na mwizi hataomba hati. Ni kweli, kwa shauri hili waovu wengine watajificha, na waovu hao watamwumiza mtu. Anayetetea kufuli bila kukubali gharama hiyo hasemi kweli yote. Lakini polisi wana njia nyingi bado: mashahidi, nyayo, fedha zinazopita, simu yenyewe ikishikwa. Mwenye nyumba iliyovunjwa kufuli hana njia ya pili.

Shauri hili ni letu pia. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, fungu la 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri, pamoja na siri ya barua, ya simu na ya mawasiliano mengine yote. Ila sheria yaweza kuruhusu ivunjwe kwa sababu iliyotajwa. Na tarehe 13 Machi 2023 nchi ilipata kitabu cha sheria za mambo ya kompyuta na intaneti, ambamo habari za watu zinalindwa. Sheria iliyoandikwa ni kama bahasha: haina nguvu isipokuwa watu wanajua maana yake na kuidai.

Tena tusiitazame Serikali peke yake. Wazee walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Mara nyingi kata hiyo ni sisi wenyewe. Baba anayepekua simu ya mke wake kwa wivu, kijana anayetuma kwa mamia picha ya mwenzake aliyeaibika, karani anayesimulia sokoni aliyoyaona katika faili ya mgonjwa, wote wamefungua barua isiyo yao. Hakuna fumbo la hesabu linaloweza kuzuia hayo.

Sir James Graham hakuwa mtu mwovu kupita wengine. Alishika kalamu tu, na sheria ilimruhusu. Yaliyomzuia ni mbegu chache katika bahasha, mbunge mmoja aliyeuliza, na watu waliokataa kunyamaza. Basi, kila mara mashini mpya inapoletwa kwetu, na tuulize bila haya: ufunguo wake uko wapi, na nani ameushika?